Feni ya Rejeta Isipowaka: Namna ya Kutafuta Hitilafu kabla ya Kununua Feni Nyingine

Gari likichemsha kwenye foleni, kisha likapoa lenyewe mara barabara inapofunguka, mshukiwa wa kwanza ni feni ya rejeta. Gari linapokimbia, upepo unaoingia mbele unatosha kuipoza rejeta. Linaposimama, kazi hiyo yote huachiwa feni, nayo isipowaka joto hupanda kwa dakika chache. Kinyume chake kizingatiwe mapema vilevile. Gari linalochemsha likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare halina shida ya feni, bali ya maji yaliyopungua, pampu, themostati (vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda rejeta yakishashika joto), rejeta iliyoziba, au, mambo yakiwa mabaya zaidi, gasketi ya silinda hedi. Mwenye gari la namna hiyo atapoteza siku nzima akipima nyaya za feni isiyo na kosa.

Mwongozo huu unahusu feni ya umeme, yaani ile iliyofungwa nyuma ya rejeta katika magari madogo kama Toyota IST, Vitz, Premio na Probox, na mengine mengi ambayo injini yake imelala kwa upana. Hiace, Land Cruiser na pikapu nyingi za dizeli zina feni inayozungushwa na mkanda wa injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Hiyo ina maradhi yake, na haitaguswa hapa. Mfano wangu wa mara kwa mara utakuwa IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2002, kwa sababu ndilo gari nililonalo na ndilo lililonifunza mengi ya haya kwa gharama yangu mwenyewe.

Kabla ya kushika spana, jiulize swali moja: je, feni imekufa, au haijaamrishwa kuwaka? Karibu kila hitilafu huangukia upande mmojawapo. Upande wa nguvu una betri, fyuzi kubwa, rilei (swichi ya umeme ambayo koili yake ikipewa umeme mdogo hufunga au kufungua njia ya umeme mkubwa), nyaya nene, mota yenyewe na waya wa bodi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Upande wa amri una sensa au swichi ya joto, kompyuta ya gari, na saketi ya AC ambayo nayo hudai feni kwa ajili ya kupoza gesi. Watu wengi hununua feni kwanza, kisha rilei, kisha sensa, wakibahatisha, na mwisho hukuta kosa lilikuwa kwenye waya wa bodi ambao haukuwa na gharama yoyote kuusafisha.

Ikiwa gari limechemka njiani

Zima AC, washa hita ya ndani kwa moto wa juu kabisa na feni yake kwa kasi ya juu, kwa maana hita ni rejeta ndogo inayotoa joto kwenye injini, kisha egesha mahali salama. Mshale wa joto ukiwa umefika kwenye alama nyekundu, zima injini mara moja. Baadhi ya magari madogo ya Kijapani hayana mshale kabisa, yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu inayowaka ikiwa imechemka. Dereva wa gari la namna hiyo hapati onyo la katikati, hivyo taa nyekundu ikiwaka asijipe moyo kwamba atafika tu.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Mifuniko mingi huandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ndiyo presha inayozuiliwa ndani ya mfumo. Kwa presha hiyo maji yanaweza kuvuka nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua ghafla hugeuka mvuke kwa mpigo mmoja na kukurukia usoni. Subiri kama dakika 45, mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe unashikika kwa mkono bila kukuchoma na ukiuminya uwe laini. Kumwagia injini ya moto maji baridi ni kosa lingine linaloweza kuipasua silinda hedi.

Unapoanza kazi yenyewe nyumbani au gereji, kumbuka kwamba katika baadhi ya magari feni inaweza kuwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa, ikiwa injini bado ni ya moto. Ondoa waya wa hasi wa betri kila unapoingiza mkono karibu na mapanga ya feni, na uurudishe pale tu unapohitaji umeme wa kupimia.

Je, feni ilipaswa kuwaka?

Hili linasahaulika sana. Katika Toyota za aina hii themostati huanza kufunguka karibu na nyuzi 80 hadi 84, na feni huamrishwa baadaye, kwenye nyuzi tisini na kitu. Asubuhi yenye ubaridi, gari likiwa limesimama, inaweza kuchukua dakika 15 au zaidi kabla ya feni kugeuka hata mara moja, na hilo si ugonjwa. Feni nzima huwaka, hufanya kazi kwa dakika moja au mbili, huzima, kisha hurudia.

Kipimo cha maji ndicho cha pili, nacho kifanyike injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta wenyewe. Usitosheke na kutazama chupa ya akiba, kwa kuwa chupa inaweza kujaa huku rejeta ikiwa tupu, hasa mfuniko unapokuwa umechoka. Maji yakipungua, sensa ya joto hubaki imening'inia kwenye hewa na mvuke badala ya kuzama ndani ya maji, nayo husoma joto dogo kuliko lililopo, kwa hiyo haitoi taarifa ya kuwasha feni wakati injini inaungua. Nimewahi kuona gari likihukumiwa kuwa na sensa mbovu, kumbe lilikuwa na upungufu wa lita moja na nusu.

Katika magari ambayo swichi ya joto imefungwa chini ya rejeta, themostati iliyokwama ikiwa imefungwa huleta udanganyifu wa aina hiyohiyo: injini inachemka, lakini rejeta ni baridi, na swichi iliyo kwenye ubaridi haina sababu ya kuwasha feni. Gusa kwa uangalifu mipira yote miwili. Wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini ukiwa baridi baada ya injini kushika joto, maji hayazunguki, nawe shughulikia themostati au pampu kwanza.

Jaribio la AC

Washa injini, washa AC, weka ubaridi wa juu, kisha sikiliza. Katika magari mengi feni ya rejeta, au mojawapo ikiwa ziko mbili, inapaswa kuwaka ndani ya muda mfupi. Ikiwaka kwa AC lakini haiwaki kwa joto la injini, basi mota, waya wa bodi na kwa kawaida fyuzi kubwa ni vizima. Hitilafu iko upande wa amri, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya sensa. Isipowaka kwa vyote viwili, anza na upande wa nguvu.

Tahadhari ni mbili. Gari lenye feni mbili linaweza kuwa linawasha ile ya kondensa, yaani rejeta ya gesi ya AC, peke yake, hivyo fungua boneti uone kwa macho ni ipi inayozunguka. Tena, AC iliyoishiwa gesi haiamrishi chochote, kwa sababu swichi ya presha huizuia. Ukimya wa feni katika gari lisilo na gesi haukuthibitishii kitu.

Fyuzi na rilei

Fyuzi ya feni huwa kwenye kisanduku kilicho ndani ya boneti, na katika Toyota nyingi kifuniko chake kimeandikwa RDI FAN au RAD FAN, ikiwa ya ampea 30 au 40. Itoe na uipime kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme. Usiiamini kwa macho, maana fyuzi hizi kubwa zinaweza kukatika kwa ufa mwembamba usioonekana. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zilezile, kisha tafuta sababu. Fyuzi ya feni haiungui bila kisa, na mara nyingi kisa hicho ni mota iliyoanza kukwama na kuvuta umeme mwingi. Kuweka kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi ni kuhamishia moto kwenye nyaya.

Rilei nyingi za pini nne zina pini 85 na 86 za koili, na pini 30 na 87 za kupitisha umeme mkubwa. Koili ikipimwa hutoa ukinzani wa makumi kadhaa ya omu mpaka kama mia na kidogo. Isipoonyesha kitu, imekatika. Ukiipa koili volti 12, rilei inapaswa kugonga "tak", na pini 30 na 87 zinapaswa kuungana. Mlio huo peke yake hautoshi, kwa kuwa rilei inaweza kugonga vizuri huku vigusio vyake vya ndani vikiwa vimeungua na kuwa vyeusi.

Njia ya haraka ni kubadilishana na rilei inayofanana, kama ya honi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea kwenye Toyota za miaka ya tisini, kwa mfano Corolla za AE100 na AE110. Mengi ya magari hayo hutumia rilei ambayo kwa kawaida imefungwa: vigusio vyake vimeungana inapokuwa haina umeme kwenye koili, na hutengana inapopewa umeme. Ukichomeka pale rilei ya kawaida, feni itafanya kinyume cha inavyotakiwa, yaani itawaka injini ikiwa baridi na kuzima ikiwa ya moto. Soma mchoro mdogo uliochapishwa ubavuni mwa rilei kabla ya kubadilisha.

Kuijaribu mota moja kwa moja

Chomoa plagi ya feni. Kwanza zungusha mapanga kwa mkono, betri ikiwa imetolewa: yanapaswa kwenda kwa wepesi na kusimama taratibu. Yakikwama, yakichezacheza kwenye shafti au yakitoa sauti ya kusaga, mota imekwisha.

Kisha andaa nyaya mbili zenye unene wa angalau milimita za mraba 2.5, mmoja ukiwa na fyuzi ya ampea 30, na uzipeleke kutoka betri hadi kwenye pini za mota. Mota nzima huanza mara moja kwa nguvu, na upepo wake huvutwa kutoka mbele kuelekea injini. Ikianza tu baada ya kugongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi, brashi za kaboni ndani yake zimelika. Itakupeleka nyumbani leo na kukuacha njiani wiki ijayo. Isipozunguka kabisa, tafuta mota nyingine, na ukinunua ya mtumba mlazimishe muuzaji aijaribu kwa betri mbele yako, tena iachwe izunguke kama dakika tano, kwani nyingine huanza vizuri kisha zikashika joto na kulegea.

Jaribio hili ni la mota zenye nyaya mbili. Magari mapya, na mengi ya Ulaya, yana feni yenye nyaya tatu au nne na kidhibiti cha elektroniki kilichofungwa ndani yake. Usizipe umeme kwa kubahatisha, maana utaua kidhibiti ambacho bei yake inazidi ya mota. Katika magari ya Ulaya ya zamani kidogo kuna pia rezista ya kasi ndogo, ambayo ikiungua feni hunyamaza katika kasi ya kwanza na kusubiri mpaka joto liwe kali sana ndipo iwake kwa kasi ya pili kwa kishindo.

Umeme unaoonekana na usiokuwepo

Mota ikizunguka kwa betri lakini ikanyamaza ilipochomekwa mahali pake, kosa liko kwenye njia ya umeme, na hapa ndipo multimita inapowadanganya watu. IST yangu ilichemka jioni moja kwenye foleni, na fundi niliyemfuata alipima plagi ya feni, akapata volti 12.4, akasema: "Kaka, umeme upo, feni imekwisha. Tafuta nyingine." Nilinunua. Nayo haikuwaka.

Sababu ni kwamba multimita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliooza ndani, ukabaki na uzi mmoja wa shaba, unaweza kuonyesha volti zote 12 kwenye kioo cha multimita, lakini mota inapodai ampea 10 au 15 uzi huo hauwezi kuzipitisha. Dawa ni kupima kwa mzigo. Chukua balbu kuukuu ya taa ya mbele, ile ya H4 yenye wati 55, ambayo huvuta karibu ampea nne na nusu, uifunge nyaya mbili, na uiunganishe kwenye pini za plagi ya feni wakati feni imeamrishwa kuwaka. Ikiwaka kwa mwanga mweupe, njia ni nzima. Ikiwaka nyekundu na hafifu kama kaa la jikoni, kuna mahali umeme unakwama.

Yangu iliwaka nyekundu. Nilihamisha waya mmoja wa balbu kutoka pini ya hasi ya plagi na kuugusisha moja kwa moja kwenye hasi ya betri, mwanga ukaja mweupe papo hapo. Maana yake upande wa chanya ulikuwa salama na wa bodi ndio ulioharibika. Niliufuata waya huo mpaka kwenye boliti iliyoufunga kwenye bodi, nikakuta jicho lake limejaa unga wa kijani, na nilipoligusa lilikatika mkononi. Msasa, jicho jipya la waya na boliti iliyokazwa vizuri vilimaliza kazi kwa nusu saa. Wanaoishi karibu na bahari wafahamu kwamba chumvi ya hewani hula viungo hivi mapema kuliko bara.

Ukiwa na multimita pekee, pima huku feni au balbu ikiwa imeunganishwa: kati ya pini ya hasi ya feni na hasi ya betri hapapaswi kuzidi nusu volti. Kagua pia plagi yenyewe. Plastiki yake ikiwa imeyeyuka au kugeuka kahawia, pini zimelegea na kutoa joto, na plagi hiyo ibadilishwe pamoja na vipande vifupi vya nyaya zake.

Upande wa amri

Tambua kwanza gari lako linatumia mfumo upi. Magari ya zamani yana swichi ya joto inayofunga au kufungua saketi yenyewe. Ya baadaye yana sensa inayoipelekea kompyuta habari, na kompyuta ndiyo inayoamrisha rilei.

Kwa swichi yenye nyaya mbili, ichomoe na uunganishe pini mbili za plagi kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa. Feni ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Kwa Toyota zile za rilei iliyofungwa, mambo hugeuka: kuchomoa tu plagi ya swichi, ufunguo ukiwa umewashwa, kunatosha kuiwasha feni. Isipowaka kwa jaribio linalolingana na gari lako, rudi kwenye rilei na nyaya.

Kwa gari lenye sensa, chomoa plagi yake injini ikiwa inanguruma. Kompyuta za magari mengi, zikikosa habari ya joto, huiwasha feni kwa tahadhari na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Feni ikiwaka hivyo, kompyuta, rilei na mota ni vizima, na sensa ndiyo inayosema uongo. Ithibitishe kwa multimita: sensa ya Toyota ikiwa kwenye nyuzi 20 hutoa takriban omu 2,300 hadi 2,600, na kwenye nyuzi 80 hushuka hadi kama omu 300. Iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto taratibu, na uangalie omu zikishuka bila kurukaruka. Sensa inayobaki na omu nyingi maji yakiwa yanatokota inaiambia kompyuta kwamba injini ni baridi.

Mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari anaweza kuliona joto moja kwa moja kwenye simu. Hata hivyo magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati mwingine hayaelewani na vifaa vile vya bei rahisi, hivyo ukimya wa kifaa usikutishe.

Kuhusu kuunga feni "direct"

Fundi aliyechoka kutafuta huunga feni kwenye swichi ya ufunguo ili izunguke muda wote, na mara nyingi huondoa na themostati kwa pamoja. Njiani usiku, kama msaada wa kufika nyumbani, siikatai. Kama tiba ninaikataa. Ampea za feni zikipita kwenye swichi ya ufunguo bila rilei huiunguza, mota inayozunguka bila kupumzika huchoka mapema, na injini isiyo na themostati hukimbia ikiwa baridi na kula mafuta zaidi. Lililo baya kuliko yote ni kwamba siku mota itakapokufa hutakuwa na dalili yoyote, kwa sababu ulishazoea kutoisikia ikiwaka na kuzima. Ukilazimika kuunga kwa muda, tumia rilei, fyuzi yake, na waya mnene kutoka betri.

Kuthibitisha baada ya matengenezo

Jaza kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, injini ikiwa baridi, acha mfuniko wazi, washa hita, na iache injini ingurume huku mapovu yakitoka. Kulanti itakapoanza kupanda na kutaka kumwagika, funga. AC ikiwa imezimwa, subiri feni iwake yenyewe, na usiondoke mpaka iwake, izime na iwake tena mara mbili. Wakati inazunguka, peleka karatasi nyepesi mbele ya rejeta: inapaswa kuvutwa na kung'ang'ania pale. Ikisukumwa mbali, nyaya za mota zimegeuzwa, feni inapuliza kinyume na upepo wa gari, na gari litachemka hata likiwa barabarani. Geuza pini mbili za plagi na ujaribu upya.

Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha injini, fungua tena mfuniko wa rejeta na uongeze kulanti iliyopungua, kwa sababu hewa iliyotoka usiku injini ilipokuwa ikipoa huacha nafasi yake, na katika IST yangu nafasi hiyo ilimeza karibu nusu lita.